Mpangaji Katika Mkutano wa Mtaa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Arusha

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea mwaka 2024 katika mtaa mmoja wa kusini mwa Jiji la Arusha, upande ambao mji umekuwa ukipanuka kuelekea tambarare na ambako nyumba nyingi za wenyeji zimeongezewa safu za vyumba vya kupangisha. Jina la mtaa na majina ya wahusika yameachwa kwa makusudi, kwa kuwa wote bado ni majirani na wanaendelea kuamkiana kila asubuhi. Jambo lenyewe ukilitazama juu juu lilikuwa dogo: mama mmoja mshonaji, anayepanga chumba na sebule, alisimama katika mkutano wa mtaa kuomba kusomewa mapato na matumizi, akajibiwa kwamba mpangaji hana neno katika mambo ya mtaa. Ninaloshikilia ni kwamba hakuna sheria iliyomnyamazisha mama huyu. Kilichomnyamazisha ni namna orodha za mtaa zinavyoandikwa, yaani nani anapelekewa taarifa, nani anaandikwa kwenye daftari la mahudhurio na kwa sifa gani, na jina la nani limo siku ya kupiga kura.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali, yakiwa yametanguliwa na mvua za El Niño. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru hupita katika mito ya Themi, Naura na Burka, lakini sehemu yake hujitafutia njia katika makorongo yaliyo kati ya nyumba, na korongo la mtaa huu lilikuwa limekula kingo zake mpaka kivuko cha mbao kilichotumiwa na watoto wa shule kikaning'inia upande mmoja. Ofisi inayohusika na barabara za mitaa ilijibu kwamba njia ile haimo katika mpango wa mwaka huo, ikaahidi mtaalamu wa kusimamia kazi iwapo wakazi watachangia vifaa. Uongozi wa mtaa ukapiga hesabu ya mawe, mchanga, saruji na nondo za kalavati, kisha ukapendekeza kila kaya itoe shilingi 10,000.

Mkutano uliitishwa Jumamosi asubuhi mbele ya ofisi ya mtaa, na taarifa ilipita njia iliyozoeleka: mwenyekiti aliwaambia mabalozi wa nyumba kumi, mabalozi wakawaambia wenye nyumba. Hapo tayari pana jambo la kusimama nalo. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, na tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Hata hivyo wananchi wengi huanza kwake wanapotafuta huduma za serikali, na serikali ya mtaa nayo humtumia kwa sababu yuko karibu na hadai posho. Kasoro ya njia hii ni kwamba kipimo chake ni nyumba, na nyumba husemewa na mwenye nyumba. Wapangaji wa safu za nyuma, ambao katika mtaa huu ni wengi kuliko wenye nyumba, hupata habari ikiwa mwenye nyumba amekumbuka kuwaambia, au wakiona watu wanabeba viti. Mshonaji wetu alijua kwa kuwa alikuwa akifuatilia ofisini hapo utambulisho wa kikundi chake cha wanawake, kilichotaka kuomba mkopo wa halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na baada ya kusitishwa mwaka 2023 mikopo hiyo ilikuwa imetangazwa kurejea.

Kwenye meza ya mkutano palikuwa na kaunta buku mbili, na kwa maoni yangu kisa chote kimo ndani yake. La kwanza lilikuwa la mahudhurio, lililopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, sahihi, na safu nyembamba ya mwisho ambamo mjumbe wa kamati aliandika "MN" kwa mwenye nyumba au "MP" kwa mpangaji. La pili lilikuwa la michango, na hilo halikuwa na safu ya namna hiyo. Liliandika jina la mkuu wa kaya na kiasi alichotoa, basi. Mama mshonaji alikuwa MP katika daftari la kwanza na kaya kamili katika la pili. Nilipomuuliza mjumbe kwa nini mahudhurio yanatenganishwa, alijibu bila hila yoyote kwamba ndivyo alivyolikuta daftari.

Ajenda ya mchango ilipofika, mama yule aliomba nafasi. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "kabla hatujachanga tena, naomba tusomewe ile ya ulinzi. Mimi natoa kila mwezi, na stakabadhi sina hata moja, naandikwa tu humo kwenye daftari." Alikuwa akizungumzia fedha za ulinzi shirikishi, shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Mwenyekiti hakuwahi kujibu, kwa sababu mzee mmoja mwenye nyumba tatu karibu na korongo alidakia: "Mama, wewe ni mpangaji. Leo upo hapa, kesho umehamia Ngaramtoni. Sisi ndio tutakaobaki na hilo korongo." Mama akamjibu kwa adabu: "Nimekusikia mzee wangu. Lakini mtoto anayevuka hapo ni wangu, na hela niliyotoa haikuandikwa ya mpangaji." Watu walicheka, mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda, na mchango ukapitishwa kwa kunyoosha mikono. Mapato na matumizi hayakusomwa.

Ni rahisi kumfanya mzee huyu kuwa mtu mbaya wa kisa, na ningependa kuliepuka hilo, kwa kuwa hoja yake ina mashiko kuliko watu waliocheka walivyodhani. Wenye nyumba wa upande ule ndio walioachia vipande vya viwanja vyao ili njia ipite, bila fidia. Kingo za korongo zikianguka, ukuta utakaoondoka ni wao. Mpangaji anaweza kupandishiwa kodi na kuondoka baada ya miezi sita aliyolipia, na mtaa umewahi kuona watu wakishabikia mradi kisha wakahama kabla haujakamilika. Kwa hiyo mzee alikuwa akisema kwamba uamuzi uwe wa wale watakaoishi na matokeo yake, na hiyo si hoja ya kipumbavu. Udhaifu wake uko kwingine. Kwanza, swali lililoulizwa halikuhusu kalavati. Lilihusu fedha iliyokwisha kutolewa, na katika fedha iliyokwisha kutolewa kudumu kwa mtu mtaani hakubadilishi chochote. Pili, kama hoja ya kuhama ingekuwa ya kweli kabisa, basi mpangaji asingedaiwa mchango wa kalavati litakalokaa miaka thelathini. Hakuna aliyependekeza hivyo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama huyu alikuwa mtaani kwa miaka saba, jembe alikwisha kulipokea zamani, na kilichokuwa kimebaki ni kuulizwa shamba lilimwe vipi.

Sheria nayo haiko upande wa mzee. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya mwaka 1977 zinataka viwepo vyombo vya serikali za mitaa kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri ya Muungano, bila kusema aishi katika nyumba yake mwenyewe. Chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kipimo ni ukazi, na mkazi huhesabiwa mtu mmoja mmoja, si nyumba kwa nyumba. Kwa mantiki hiyo mke wa mzee, watoto wake watu wazima, mpangaji wake na dada wa kazi aliyefikisha umri wana nafasi sawa na yeye mkutanoni, jambo ambalo nadhani lingewashangaza wote hao.

Pengo kati ya nyumba na mtu lina historia yake. Serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya mpango wa madaraka mikoani, zikarejeshwa kwa sheria hizo za 1982, na Mwalimu Nyerere alikuja kukiri mwaka 1984 kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Katika kipindi hicho kizima, shule ya uraia ya watu wa rika la mzee wetu ilikuwa nyumba kumi kumi, ambamo mkuu wa nyumba ndiye aliyeitwa, aliyesikilizwa na aliyetumwa. Inashangaza kidogo kwamba hili linatokea Arusha, kwa sababu Azimio lililobeba jina la mji huu, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linasema katika imani zake za mwanzo kabisa kwamba kila raia ni sehemu ya taifa na anayo haki ya kushiriki sawa na wengine katika serikali, kuanzia ya mitaa hadi serikali kuu. Mzee aliyasikia maneno hayo akiwa kijana. Muundo alioishi ndani yake ulimfundisha jambo jingine, na muundo kwa kawaida hufundisha vizuri kuliko azimio.

Yapo maelezo mengine ya kisheria ambayo watu wa mijini huyasahau. Kijiji kina halmashauri yake yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna uwezo huo; sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri ya jiji, manispaa au mji. Maana yake ni kwamba mchango wa shilingi 10,000 uliopitishwa kwa kunyoosha mikono ulikuwa makubaliano ya wakazi, wala haukuwa kodi. Mchango wa namna hiyo unasimama kwa hiari ya wanaochanga, na ndiyo maana kumfungia mdomo anayechanga ni kuukata mti uliokalia. Hata hivyo, kama ilivyo katika mitaa mingi, palikuwa na njia ya kuugeuza mchango kuwa lazima bila kusema hivyo: asiyekuwa na alama ya tiki kwenye kaunta buku alikuwa akizungushwa akija kuomba barua ya utambulisho. Barua hiyo si kitu kidogo. Fomu ya maombi ya kitambulisho cha taifa hupitia kwa uongozi wa mtaa, na mtu anayemdhamini nduguye polisi au mahakamani, anayefungua akaunti ya benki au anayeomba mkopo wa kikundi huanzia hapo hapo. Mtaa ndio mlango ambao makaratasi ya uraia hupitia, na anayeshika mlango ana nguvu ambayo hakuna mkutano uliompa.

Baada ya mkutano, mama mshonaji hakugomea mchango. Alitoa, akadai stakabadhi, akapewa karatasi yenye mhuri. Kisha aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, akiomba taarifa ya mapato na matumizi ya fedha za ulinzi, na kwa ushauri wa kijana mmoja mwanafunzi wa sheria alitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa na kumpa mwenye kuishika siku 30 za kujibu. Angeweza pia kutaja ibara ya 27 ya Katiba, ambayo mimi naiona nzito zaidi katika kisa hiki, kwa sababu haizungumzii haki bali wajibu: kila mtu anatakiwa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Anayeuliza fedha ya mtaa ilikwenda wapi hajitakii makuu. Anatekeleza wajibu ambao waliokaa kimya wanamwachia.

Mtendaji wa kata, ambaye ni mtumishi wa umma na hategemei kura ya mzee wala ya mwenyekiti, aliandika maelekezo pembeni ya barua ile. Taarifa ikasomwa katika mkutano uliofuata na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wale waliotarajia wizi mkubwa walirudi nyumbani wamepungukiwa. Fedha nyingi zilikuwa zimelipwa walinzi, nyingine zimenunua tochi na makoti ya mvua, na sehemu ilitumika kwa chakula cha wageni waliokuja kukagua mtaa, bila mkutano wowote kuidhinisha. Sehemu hiyo ya mwisho ilizua mjadala mrefu, ikaamuliwa kwamba fedha za ulinzi zisiguswe kwa jambo jingine na kila malipo yawe na stakabadhi. Kalavati lilijengwa, jembamba kuliko lilivyochorwa, lakini linapitika.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia katika semina. Tatizo ni Novemba. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na mama huyu alifika kituoni mapema akiwa na kadi yake ya mpiga kura ndani ya mfuko wa nailoni. Jina lake halikuwamo. Uchaguzi huo husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na hutumia orodha yake yenyewe inayoandikwa upya mtaani. Mwaka ule uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kadi ya mpiga kura inatokana na Daftari la Kudumu, ambalo ni la uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani, na ambalo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa ikiliboresha mwaka huohuo kuanzia Kigoma mwezi Julai. Orodha mbili, taasisi mbili, mwaka mmoja: si ajabu watu walichanganya. Tangazo la kujiandikisha lilipita kwa gari la kipaza sauti barabara kubwa na kwa mabalozi hadi kwa wenye nyumba, wakati yeye akiwa kibandani mjini toka asubuhi mpaka jioni. Njia ileile iliyomkosesha taarifa za mikutano ndiyo iliyomkosesha kura, na sitaki kumwondolea yeye mwenyewe sehemu yake, maana ofisi ya mtaa aliijua na siku zilikuwa kumi.

Wapo waliomwambia asijisumbue, kura moja ingebadilisha nini. Matokeo ya nchi nzima yaliwapa CCM zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti, huku vyama vya upinzani vikilalamikia wagombea wao wengi kuenguliwa, na uchaguzi uliotangulia wa mwaka 2019 upinzani ulikuwa umejiondoa. Naielewa hoja hiyo, ila naona inaelekea upande mwingine. Pale ambapo sanduku la kura halina ushindani wa kutosha kumtia kiongozi hofu, mkutano wa mtaa unabaki kuwa mahali pa kumhoji, na swali la mapato na matumizi linakuwa na uzito kuliko pangekuwa na wagombea watano. Majirani wengine walimshauri agombee ujumbe wa kamati. Sifa zote alikuwa nazo isipokuwa moja: mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho, naye hana chama wala hataki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Sharti la chama bado lipo.

Mwenyekiti mpya ni mtu msikivu, na wapangaji wachache wakiongozwa na mshonaji walimwendea na maombi mawili. La kwanza ni kwamba taarifa za mikutano zitumwe pia kwa ujumbe wa simu kwa namba zilizomo kwenye daftari la mahudhurio, badala ya kutegemea wenye nyumba peke yao. Hilo alilikubali, na mikutano iliyofuata imekuwa na watu wa safu za nyuma wengi kuliko zamani, hasa vijana wa bodaboda, ambao huja wakasikiliza nusu saa na kuondoka. La pili ni kwamba safu ya MN na MP ifutwe. Hilo alisema atalipeleka kwenye kamati, na kamati ikasema safu hiyo inasaidia kujua nani ni nani. Mzee wa korongo, ambaye ni mjumbe wa kamati hiyo sasa, alipinga kuifuta, lakini alikubali pendekezo la mtendaji kwamba wakati wa kupiga kura kwa mikono zihesabiwe zote bila kutazama daftari, na idadi iandikwe kwenye muhtasari. Mama mshonaji amelipia kodi hadi Desemba. Mwenye nyumba wake amekwisha kumdokeza kwamba vyumba vitapanda bei, na akihamia ng'ambo ya korongo atakuwa katika mtaa mwingine, wenye mwenyekiti mwingine na kaunta buku nyingine, ambako itabidi aanze kwa kuomba barua ya utambulisho.